Maisha ya Khalifa Umar bin Abdulaziz na Mwendo Wake katika Kuwaweka Watu Kazini

Bismillahi Rrahmani Rrahim

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyeamrisha amana zirudishwe kwa wenyewe na hukumu itolewe kwa uadilifu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na Masahaba wake, na kila aliyefuata mwendo wao hata siku ya Kiyama.

Amma baad. Ndugu msomaji, haya niyaandikayo ni maisha ya Khalifa Umar bin Abdulaziz, Mungu amrehemu, ambaye Imamu wetu Shafi amepokewa kuwa akimhesabu pamoja na Makhalifa waongofu, akawa wa tano wao. Watu wetu wengi wamjua kwa ucha Mungu wake, na kisa cha taa yake husimuliwa misikitini na barazani. Lakini liko jambo katika maisha yake lisilosimuliwa sana, nalo ndilo tulihitajialo zaidi: namna alivyokuwa akiwachagua watu wa kazi za serikali, akiwapima kabla ya kuwaweka, akiwaangalia baada ya kuwaweka, na akiwauzulu walipoharibu. Yeye aliona ya kuwa kazi ya umma si mali ya mwenye kuitoa hata aigawe kwa awapendao, wala si tunu ya mwenye kupewa. Ni amana, na wenyewe ni wale raia watakaotumikiwa. Basi mwenye kumpa kazi asiyeifaa amewadhulumu watu wengi ambao hawakuwapo barazani wakati jina lilipokuwa likiandikwa.

Nasaba yake na malezi yake

Alizaliwa karibu na mwaka 61 wa Hijra, nao wawafikiana na mwaka 681 wa Miladi. Baba yake ni Abdulaziz bin Marwan, wa ukoo wa Bani Umayya, aliyekuwa liwali wa Misri kwa miaka ipatayo 20. Mama yake ni Ummu Asim, binti wa Asim bin Umar bin Khattab. Kwa hivyo kwa upande wa mama Sayyidna Umar bin Khattab, radhi za Mungu ziwe juu yake, ni babu wa mama yake.

Wapokezi wamesimulia ya kuwa Sayyidna Umar alikuwa akizunguka Madina usiku, akamsikia mwanamke akimwamuru binti yake atie maji katika maziwa ya kuuza. Binti akakataa, akamkumbusha mama yake ya kuwa Khalifa amekataza. Mama akajibu ya kuwa Khalifa hawaoni. Binti akasema ya kuwa ikiwa Khalifa hawaoni, Mola wake Khalifa awaona. Sayyidna Umar akampendelea mwanawe Asim amuoe binti huyo, na katika kizazi chao akatoka Ummu Asim, na kwa Ummu Asim akatoka mtu wetu huyu. Nimekitaja kisa hiki mwanzo kwa sababu kazi ya serikali sehemu yake kubwa hufanywa mahali ambapo mkubwa haoni. Karani huwa peke yake na daftari lake, na mtoza kodi huwa mbali na mji mkuu. Usipompata mtu mwenye hofu kama ya binti yule, hapana sheria itakayomtosha.

Baba yake alimpeleka Madina asome, akamtia mikononi mwa Salih bin Kaisan. Siku moja kijana akachelewa sala ya jamaa, na alipoulizwa akatoa udhuru ya kuwa alikuwa akichanwa nywele. Mwalimu akamwandikia baba Misri, na baba, naye ni liwali mkubwa, akamtuma mtu afunge safari hata Madina, asiseme na kijana neno lolote mpaka amnyoe kichwa. Mwalimu hakuogopa cheo cha baba, wala baba hakumtetea mwanawe.

Hata hivyo Umar alikua kijana wa raha. Alipenda nguo za thamani na manukato, hata watu wakaijua njia aliyopita kwa harufu yake. Akamuoa Fatima, binti wa Khalifa Abdulmalik bin Marwan, naye ni binti wa ami yake. Wala mtu asidhani ya kuwa alizaliwa fakiri asiyekuwa na cha kuacha. Aliyoyaacha baadaye aliyaacha naye ameyaonja.

Uliwali wake wa Madina

Mwaka 87 wa Hijra (706) Khalifa Walid bin Abdulmalik alimfanya liwali wa Madina, naye umri wake wapata miaka 25. Alipofika, kabla ya kufanya jambo lolote, aliwaita mafakihi 10 wa mji, miongoni mwao Urwa bin Zubair, Kasim bin Muhammad, Salim bin Abdillah na Sulaiman bin Yasar. Akawaambia ya kuwa hataki kukata jambo ila kwa rai yao au ya atakayehudhuria katika wao, na akawataka wakimwona mtu anadhulumu, au wakisikia ya kuwa mmoja wa watumishi wake amedhulumu, wasinyamaze ila wamfikishie habari. Basi kijana huyu mwenye nguvu zote aliwaomba wazee wa elimu wawe macho juu ya kazi yake mwenyewe na ya watu wake. Maliwali wengi hupenda wawe na majasusi juu ya raia. Huyu aliweka wenye kumwangalia yeye.

Lakini katika uliwali huu lilimpata jambo lililomtia jeraha lisilopona. Mwaka 93, Khalifa Walid alimwamuru ampige viboko Khubaib bin Abdillah bin Zubair, na kumtesa kwa maji ya baridi. Umar akaitekeleza amri ile, na Khubaib akafa. Wapokezi wamesema ya kuwa Umar alipopata habari ya kufa kwake alianguka chini, akalia na kurejea kwa Mola wake, na maisha yake yote yaliyobaki akawa akisifiwa kwa jema alilotenda husema atapataje raha naye Khubaib yuko njiani akimngoja. Sikukificha kisa hiki, kwani maisha ya wema hayasomwi kwa kufichwa makosa. Hapo alijifunza kwa mwili wake ya kuwa mtumishi wa serikali hageuki kuwa mtu asiye na hesabu kwa sababu ameamriwa, na kwa hivyo baadaye hakumwajiri mtu ila baada ya kujiuliza mkono huo utafanya nini utakapoamriwa dhuluma.

Mwaka huo huo wa 93 (712) aliuzuliwa. Wakati ule Iraki ilikuwa chini ya Hajjaj bin Yusuf, mtu wa damu nyingi, na watu wakimkimbia kuja Madina kwa sababu Umar akiwapa hifadhi. Umar akamshitaki Hajjaj kwa Khalifa, na Hajjaj naye akamshitaki Umar, na maneno ya Hajjaj ndiyo yaliyosikizwa. Umar akatoka Madina akilia, akaenda Shamu.

Kupata ukhalifa asioutaka

Baada ya Walid alitawala ndugu yake Sulaiman. Mwezi wa Safar mwaka 99 (717), Sulaiman alikuwa mgonjwa mahali paitwapo Dabik, kaskazini ya Shamu. Mshauri wake alikuwa Rajaa bin Haiwa, mwanachuoni mkubwa. Sulaiman akamwuliza amwachie nani watu hawa, na wanawe ni wadogo, na mwengine yuko vitani hajulikani yu hai au amekufa. Rajaa akamwelekeza kwa Umar. Sulaiman akaandika jina lake, na baada yake Yazid bin Abdulmalik ili ndugu zake wasifanye fitina, akaipiga barua muhuri, na watu wakambai aliyeandikwa ndani bila ya kumjua.

Hapo Umar alimwendea Rajaa, akamwapisha kwa Mungu amwambie iwapo jina lake limo katika barua ile, ili apate kuomba kusamehewa kabla mambo hayajakatika. Rajaa akakataa kumwambia. Kisha akaja Hisham bin Abdulmalik, naye akauliza vile vile, ila yeye akiogopa isije ikawa jina lake halimo. Rajaa akamkatalia huyu kama alivyomkatalia yule. Na barua ilipofunguliwa baada ya kufa Sulaiman ikaonekana ina jina la yule aliyekuwa akiikimbia.

Umar akapanda mimbari, akawaambia watu ya kuwa ametiwa katika jambo hili bila ya rai yake wala kuomba kwake wala mashauri ya Waislamu, na ya kuwa amewavua baia iliyo shingoni mwao wamchague wamtakaye. Watu wakapiga kelele ya kuwa wamemridhia yeye. Akaletewa farasi wa fahari wa Khalifa, akawarudisha wakauzwe na thamani yao itiwe Baitulmali, akapanda nyumbu wake. Akarudisha mashamba na mali alizozipata yeye na jamaa zake katika dola pasi na haki. Akamkhiyarisha mkewe Fatima baina ya vito alivyopewa na baba yake na baina ya kukaa naye. Fatima akavitoa vito vikaingia Baitulmali.

Mafakihi wetu wa madhehebu ya Shafi wameeleza katika mlango wa ukadhi ya kuwa kazi hiyo ni faradhi ya kutosheleza: akiwa mtu peke yake ndiye aifaaye katika jimbo, yampasa kuitaka, lakini akiwapo aliye bora kuliko yeye, basi kuiandama kwake ni jambo la kukirihisha, na wengine wamesema ni haramu. Na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alimkataza Abu Dharr asishike uamiri, naye ni Sahaba mwenye ukweli na zuhudi, kwa kuwa alimwona ni dhaifu wa kuubeba. Basi wema peke yake hautoshi. Yatakiwa na uwezo. Na Kurani imetuonesha katika kisa cha Nabii Musa ya kuwa mwajiriwa bora ni yule aliyekusanya nguvu na uaminifu.

Namna alivyowachagua watu

Mara Umar alipotawala, jamaa zake Bani Marwan walikuja mlangoni kama walivyozoea, kila mmoja akitazamia jimbo. Imepokewa ya kuwa aliwauliza iwapo wataka ampe kila mmoja wao jeshi la kuliongoza. Mmoja akamwuliza kwa nini awatajia jambo ambalo hatalifanya. Akawaonesha busati lililokuwa chini yao, akasema ya kuwa busati hili ajua litachakaa na kuisha, na juu ya hivyo hapendi walitie uchafu kwa miguu yao. Atawezaje kuwakabidhi dini yake na heshima za Waislamu na miili yao? Wakatoka hali wamekata tamaa. Nao walikuwa ndugu zake wa damu, na wenye nguvu za kumdhuru.

Kisha akawatafuta watu mbali na mlango wake. Afrika ya Kaskazini alimpa Ismail bin Ubaidillah, naye ni katika mawali, yaani Waislamu wa asili isiyokuwa ya Kiarabu walionasibishwa na kabila za Waarabu. Pamoja naye aliwatuma wanavyuoni 10 wawafundishe watu, na Mabarbari wengi wakasilimu mikononi mwao. Kodi na ukadhi wa Jazira alimpa Maimun bin Mihran, naye pia ni katika mawali, mtu aliyekuwa mtumwa kisha akaachwa huru. Maimun alipoona uzito wa kazi aliandika kuomba kusamehewa. Umar akamjibu ya kuwa hakumkalifisha asiloliweza. Akusanye kilicho halali, ahukumu kwa yaliyombainikia, na likimtatiza jambo amletee. Kwani lau watu wangeiacha kila kazi iliyowawia nzito, isingesimama dini wala dunia. Katika zama ambazo kabila lilikuwa ndilo barua ya kazi, uteuzi wa namna hii haukuwa jambo dogo.

Hakumtazama mtu kwa sala zake peke yake. Bilal bin Abi Burda, mjukuu wa Sahaba Abu Musa Al-Ashari, alikuja Khunasira alikokuwa Khalifa, akampongeza kwa ukhalifa, kisha akashika nguzo ya msikiti, akisali na kusoma Kurani usiku na mchana. Umar akavutika naye, akataka kumpa Iraki, kwa kuwa alikuwa mtu wa ukoo na elimu. Lakini kwanza akamtuma mtu amwaminiye. Mtu yule akamwendea Bilal kwa siri, akamwambia ya kuwa yeye yu karibu na Khalifa: je, akimsemea apate Iraki atampa nini? Bilal akamwahidi mali nyingi. Habari ilipofika kwa Umar, akamwandikia liwali wake wa Kufa ya kuwa Bilal alitaka kutuhadaa kwa jina la Mungu na tulikaribia kuhadaika, kisha tukamyeyusha kama madini tukamkuta ni taka tupu. Baada ya zama za Umar, Bilal huyu alikuja kupewa Basra kwa uliwali na ukadhi, na wanahistoria wametaja dhuluma katika hukumu zake.

Basra ilipohitaji kadhi, Umar alimwandikia liwali wake Adi bin Artaa awakutanishe watu wawili, Iyas bin Muawiya na Kasim bin Rabia, na amuweke aliye hodari zaidi katika wao. Kila mmoja akajaribu kuikimbia kazi. Iyas akashauri waulizwe Hasan Al-Basri na Ibn Sirin, mafakihi wawili wa mji. Kasim akajua ya kuwa wazee wale humzoea yeye na si Iyas, na kwa hivyo watamtaja yeye. Akaapa kwa Mungu ya kuwa Iyas ndiye mjuzi zaidi wa hukumu, akaongeza ya kuwa ikiwa yeye Kasim ni mwongo basi haifai kumpa mwongo ukadhi, na ikiwa ni mkweli basi lazima maneno yake yakubaliwe. Iyas akamwambia liwali ya kuwa umemleta mtu ukamsimamisha ukingoni mwa Jahannamu, naye amejiokoa kwa kiapo cha uwongo atakachokiombea toba. Adi akasema ya kuwa aliyeifahamu hila hii ndiye aufaaye ukadhi, akamuweka Iyas, na akili zake katika hukumu zikawa mfano. Tazama, ndugu yangu: majina mawili, yanalinganishwa mbele za watu, na neno la mwisho ni la uhodari. Hapana aliyeuliza huyu ni mtoto wa nani.

Na kadhi aliyechaguliwa kwa haki huzaa haki. Watu wa Samarkandi walilalamika ya kuwa amiri Kutaiba bin Muslim aliuteka mji wao mwaka 93 kwa hiana. Umar akaamrisha awekwe kadhi awasikilize. Kadhi huyo, Jumai bin Hadhir, akahukumu juu ya jeshi la Waislamu wenziwe: Waarabu watoke mjini warudi katika kambi zao, kisha ufanywe mkataba mpya au vita vya wazi. Watu wa mji walipoiona hukumu hiyo wakasema ya kuwa hawataki vita tena, wakaridhia mambo yabaki yalivyo.

Namna alivyowaangalia na kuwauzulu

Kumuweka mtu mwema kisha ukamwacha ni nusu ya kazi. Umar alikuwa na milango mitatu katika jambo hili: hesabu, malalamiko ya raia, na mshahara.

Ama hesabu, liwali wa Khurasani, Yazid bin Muhallab, alikuwa amemwandikia Khalifa Sulaiman akijisifu kwa mamilioni ya dirhamu za khumusi alizozipata katika vita. Umar aliposhika utawala akamtaka azilete. Yazid akasema ya kuwa aliandika vile ili watu wasikie tu. Umar hakuukubali udhuru huo, kwani iliyoandikwa ilikuwa ni haki ya Waislamu, akamfunga. Wala hakumwangalia ukubwa wa ukoo wake.

Ama malalamiko, Khurasani akapewa Jarrah bin Abdillah. Likaja kwa Umar jopo la watu watatu kutoka huko, Waarabu wawili na mmoja katika mawali. Wawili wakasema, wa tatu amenyamaza. Umar akamwelekea yule aliyenyamaza akamtaka aseme. Akasema ya kuwa mawali 20,000 wapigana jihadi bila ya mshahara wala posho, na wengine kiasi hicho wamesilimu na bado watozwa jizya. Umar akaandika ya kuwa kila aelekeaye Kibla aondolewe jizya. Watu wakasilimu kwa wingi, na Jarrah akaambiwa ya kuwa waikimbia kodi tu, basi awapime kwa kutahiriwa. Umar akakataza, akasema ya kuwa Mungu alimtuma Muhammad awe mlinganiaji wala hakumtuma awe mtahirishaji. Kisha akamuuzulu Jarrah, mwaka 100.

Alipotaka mtu wa kushika mahali pake hakukurupuka. Alimwita Abu Mijlaz, mtu mkweli aijuaye Khurasani, akamwuliza juu ya watu wawili wenye jina la Abdurrahman. Wa kwanza akaelezwa kuwa ni mkali, mwenye kulipiza na kufanya apendavyo. Wa pili kuwa ni mpole apendaye salama. Umar akamchagua mpole kwa sala na vita, ambaye ni Abdurrahman bin Nuaim, na yule mwengine akampa kodi. Basi akagawanya kazi mbili baina ya watu wawili, asiwe mshika upanga ndiye mshika mfuko.

Ama mshahara, imepokewa ya kuwa akiwapa watumishi wake wakubwa dinari 100 hata 200 kwa mwezi, kwani aliona mtu akitoshelezwa ataishughulikia kazi ya Waislamu. Yeye na jamaa zake hawakuzipata. Akawakataza maliwali wasifanye biashara, kwa kuwa liwali akiuza na kununua hapana awezaye kushindana naye. Zawadi akazikataa: aliletewa matofaa naye ameyatamani, akayarudisha, na alipoambiwa ya kuwa Mtume alikuwa akikubali zawadi akajibu ya kuwa kwa Mtume zilikuwa zawadi, na kwetu sisi ni rushwa. Liwali wa Madina, Abu Bakr bin Hazm, alipoomba mishumaa na karatasi za afisi, akamkumbusha ya kuwa zamani akitoka usiku wa giza bila ya mshumaa, na akamtaka aichonge kalamu iwe nyembamba na ayasogeze maandishi. Mtu huyo huyo ndiye aliyemwamuru aziandike Hadithi za Mtume kwa kuogopa elimu isipotee, kwa hivyo haikuwa ubahili.

Kufa kwake

Umar alifariki mwezi wa Rajab mwaka 101 (720) mahali paitwapo Dair Siman, katika nchi ya Shamu, naye ana miaka ipatayo 40. Wapokezi wengi wamesema ya kuwa alitiliwa sumu. Utawala wake ulikuwa miaka miwili na miezi mitano tu, na wanawe aliwaachia urithi mchache sana. Baada yake akatawala Yazid bin Abdulmalik kwa ahadi ya Sulaiman, na mengi aliyoyatengeneza yakarudishwa yalivyokuwa, maana waliokuja baada yake walirudi katika kugawana kazi kwa ukoo na kabila. Na dola ile haikumaliza miaka 32 tena ila ikaanguka mwaka 132 (750), na uasi ulioiangusha ulitoka Khurasani, jimbo lile lile ambalo mawali wake walikuwa wakipigana bila ya mshahara na kutozwa jizya baada ya kusilimu.

Mazingatio

Ndugu Waislamu wa pwani, msiseme ya kuwa haya ni ya makhalifa na sisi si makhalifa. Kila mmoja wetu hufikiwa na siku ambayo jina la mtu liko mbele yake na kalamu iko mkononi: mwalimu wa chuo, imamu wa msikiti, mutawalli wa wakfu, karani wa bandari, askari, daktari wa zahanati ya serikali, mkubwa wa afisi anayeajiri kwa jina la umma. Na neno letu siku hiyo twalijua, nalo ni ya kuwa huyu ni mtu wetu.

Mimi mwandishi sijitoi. Miaka iliyopita nilikaa na wenzangu kuchagua mwalimu wa watoto. Walikuja wawili. Mmoja alisoma kwa tajwidi iliyotimia, naye ni mgeni, hatumjui kwao. Wa pili kisomo chake kilikuwa na makosa, lakini baba yake alikuwa rafiki yangu, nami nikamsemea. Akapewa. Baada ya miaka miwili nikawasikiliza watoto wale wakisoma, na makosa ya mwalimu yalikuwa katika ndimi zao wote, na baadhi yao hata leo ni watu wazima na husali kwa makosa yale. Nilimfanyia hisani mtu mmoja kwa mali isiyokuwa yangu, na waliolipa ni watoto. Rafiki yangu alinishukuru siku ile, nami nikaona nimefanya wema.

Basi mwenye kuombwa amsemee jamaa yake na amsemee akiwa aifaa kazi, na akijua kuwa yuko aliye bora kuliko yeye, anyamaze, au amtaje aliye bora. Mwenye kuchagua na aite zaidi ya mmoja, awalinganishe mbele ya mashahidi, aulize watu wakweli wa mahali wanakotoka, wala asihadaike kwa kilemba na sijida. Mwenye kuajiri na alipe ujira wa kutosha, kisha adai hesabu. Na mwenye kuikosa kazi kwa haki asimchukie aliyeipata, bali amsaidie, kwani ajira yake ni yetu sote.

Twamwomba Mwenyezi Mungu amrehemu Umar bin Abdulaziz, atusamehe tulizozipoteza katika amana za waja wake, na atujaalie tuwe miongoni mwa wenye kuzirudisha kwa wenyewe kabla ya siku ambayo mwenye haki ataidai mbele ya Hakimu asiyefichwa. Amin.